Rangi, sumaku, sauti au eksirei: weldi yako uikague kwa kipi?

Mikataba mingi ya matangi na mabomba ina sentensi moja inayojirudia: "weldi zote zipigwe eksirei." Anayeiweka mara nyingi ni mwenye mradi, na sababu yake inaeleweka. Eksirei inatoa picha. Picha unaishika mkononi, unaiweka kwenye faili, unamwonyesha mtu wa bima. Unga wa sumaku ukishapanguswa haujaacha kitu, na mwangwi wa ultrasoniki, yaani sauti isiyosikika inayotumwa ndani ya chuma, ni neno la fundi aliyeutazama kwenye kioo cha mashine yake. Shida ni kwamba picha safi inaweza kutoka kwenye weldi yenye ufa, kwa kuwa ufa wenyewe umelalia upande ambao miale haiuoni.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza mambo mawili. Kasoro unayoiogopa iko juu ya chuma au ndani yake? Na imelala vipi, imesimama wima, imeinama, au ni kitundu cha mviringo? Ukishajua hayo, nusu ya vipimo vinajiondoa vyenyewe. Hapa nalinganisha vile vinavyopatikana kwa urahisi kwetu, nikizungumzia zaidi weldi za chuma: matangi, mabomba, boila, mihimili na vyombo vya kunyanyulia.

Macho kwanza

Kila weldi itazamwe kabla ya chochote kingine. Wapo wanaodhani kutazama ni kupita tu na kalamu sikioni, lakini ni kipimo kamili chenye masharti yake. Kiwango cha ISO 17637 kinataka jicho liwe ndani ya milimita 600 kutoka kwenye weldi, pembe ya kutazamia isipungue nyuzi 30, na mwanga usishuke chini ya luksi 350, wanapendekeza 500. Ndani ya tangi bila taa huzipati luksi hizo hata saa sita mchana. Tochi nzuri, kioo cha mkono na geji ya weldi vinakamata mfereji uliokatwa pembeni, matundu ya juu, weldi nyembamba kuliko mchoro unavyotaka, na mabamba yaliyopishana.

Macho pia ndiyo pekee yanayoweza kufanya kazi kabla weldi haijakuwepo: nafasi kati ya ncha mbili za bomba, kutu iliyobaki kwenye ukingo, elektrodi zilizoachwa nje usiku kucha zikanywa unyevu. Vipimo vingine vyote vinaikuta kasoro imeshazaliwa. Kama bajeti ni ndogo, mlipe mkaguzi wa macho aanze siku ya kwanza, badala ya kumleta mpiga eksirei siku ya mwisho.

Rangi au sumaku?

Hivi viwili ndivyo vinavyochanganywa sana, maana vyote vinatafuta nyufa za juu.

Rangi ya kupenya huja katika makopo matatu: kisafishio, rangi nyekundu na unga mweupe. Unasafisha, unapaka, unasubiri dakika kumi au zaidi rangi ijipenyeze kwenye ufa, unafuta ya juu, unapuliza unga. Rangi iliyobaki ufani inanyonywa na kutokeza mstari mwekundu. Haidai umeme, inabebeka kwenye mkoba, na inafaa kwa stenlesi, alumini na shaba. Wazo lenyewe ni la zamani: karakana za reli zilikuwa zikipaka mafuta kwenye vipuri, zikafuta, kisha zikapaka chaki na kungoja doa litokeze. Fundi wa matangi anayepaka chokaa upande mmoja na mafuta ya taa upande wa pili yuko kwenye ukoo huohuo, ingawa yeye atakamata tundu lililotoboka moja kwa moja tu. Ufa ulioishia katikati ya bamba haumwambii kitu.

Sumaku hufanya kazi kwa njia nyingine. Yoki, yaani sumaku ya umeme yenye miguu miwili, inawekwa juu ya weldi, unga laini wa chuma unanyunyizwa, na pale penye ufa uga wa sumaku unavuja nje na kuukusanya unga kwenye mstari. Matokeo yanaonekana papo hapo. Unasogeza yoki, unanyunyiza, unasogea tena.

Kwa chuma cha kawaida, mimi nachagua sumaku kila inapowezekana. Ni ya haraka, inaweza kuona hata ufa uliofunikwa kidogo chini ya ngozi ya chuma, inavumilia rangi nyembamba ya kupakia ya hadi mikroni 50 (milimita 0.05), na haikwami kirahisi ufa unapokuwa umejaa uchafu. Rangi ya kupenya ikikuta mdomo wa ufa umezibwa, haina la kufanya. Na mdomo huo huzibwa na sisi wenyewe: brashi ya waya ya umeme au kupuliza mchanga kwa nguvu hukunja ngozi ya chuma juu ya ufa, kisha weldi inang'aa na ripoti inasema safi.

Masharti ya sumaku ni mawili. Chuma lazima kishikwe na sumaku, kwa hiyo stenlesi nyingi za viwanda vya maziwa na bia zinatoka hapo hapo, pamoja na alumini. La pili ni mwelekeo: ufa unaokwenda sambamba na uga hauonekani, hivyo kila sehemu ipimwe mara mbili, yoki ikigeuzwa nyuzi 90. Ukimwona fundi anatembea na yoki upande mmoja tu mwanzo hadi mwisho, mrudishe aanze upya. Na kabla hajaanza, mwambie anyanyue kipande cha chuma cha kilo 4.5 kwa yoki yake ya umeme wa AC mbele yako. Isiponyanyua, haifai kazi hiyo.

Rangi nayo ina adui ambaye kwetu anasahaulika: jua. Taratibu za kawaida zinataka chuma kiwe kati ya nyuzijoto 10 na 50. Bamba jeusi lililoanikwa Tanga au Mombasa tangu asubuhi linavuka 50 bila shida, rangi inakaukia juu kabla ya kupenya. Panga kazi hiyo alfajiri. Kosa lingine ni kupulizia kisafishio moja kwa moja juu ya weldi wakati wa kuondoa rangi ya ziada. Kinaingia ufani na kuiosha rangi uliyoisubiri. Kisafishio kinapulizwa kwenye kitambaa, na kitambaa ndicho kinachofuta.

Rangi inategemea mkono na jicho kiasi gani? Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Marekani, baada ya diski ya feni ya injini ya mkiani kupasuka. Watu 112 walipoteza maisha. Diski ile ilikuwa imekaguliwa kwa rangi inayong'aa kwenye mwanga wa urujuanimno, na wachunguzi waliona kuwa ufa ulikuwapo tayari wakati wa ukaguzi wa mwisho, ukapita bila kuonekana.

Upande wa chuma cha kawaida kuna Alexander L. Kielland, jukwaa lililokuwa bweni la wafanyakazi wa mafuta katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Lilipinduka jioni ya tarehe 27 Machi 1980. Kati ya watu 212 waliokuwamo, 123 walikufa. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye weldi ya kona ya milimita 6, iliyoshikilia kishikizo cha chombo cha kusikilizia sauti majini. Ndani ya ufa zilikutwa alama za rangi ya kupakia, maana yake ufa ulikuwapo tangu jukwaa linapakwa rangi. Weldi ya aina hiyo, ndogo, ya kona, isiyobeba mzigo kwenye michoro, ndiyo inayoachwa nje ya orodha ya ukaguzi. Eksirei isingefaa pale. Filamu haina pa kukaa vizuri nyuma ya weldi ya kona. Unga wa sumaku ungetosha.

Eksirei au ultrasoniki?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapokwenda, na ndipo uchaguzi unapokosewa zaidi.

Eksirei ya saiti mara nyingi ni miale ya gama kutoka kwenye kipande kidogo cha iridiamu 192. Miale inapita ndani ya chuma na kuichoma filamu iliyo upande wa pili. Palipo na chuma kidogo, filamu inakuwa nyeusi zaidi. Kwa hiyo inaona vizuri kila kasoro yenye ujazo: matundu ya hewa, slagi (takataka za kuchomelea) iliyonaswa, mzizi, yaani chini kabisa ya kiungo, ambao weldi haikuufikia. Ufa mwembamba uliosimama sambamba na miale nao utaonekana kama mstari. Lakini ufa ulioinama, au ukuta wa weldi ambao haukushikana na bamba kwa pembe, hauondoi chuma cha kutosha kwenye njia ya miale. Filamu haibadiliki rangi, na weldi inapita.

Ultrasoniki ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Probu inatuma sauti isiyosikika, kwa kawaida megahetzi 2 hadi 5, kwa pembe ya nyuzi 45, 60 au 70, na kusikiliza mwangwi. Uso bapa unaoikabili sauti unarudisha mwangwi mkali. Kutoshikana kwa ukuta wa weldi na nyufa za ndani, zile zinazoikwepa filamu, ndizo zinazopiga kelele zaidi hapa. Matundu madogo ya mviringo ndiyo yanayotawanya sauti na kuonekana hafifu. Na katika hizo kasoro, zinazokua na kupasua ni zile bapa. Matundu machache ya hewa yaliyotawanyika yanaweza kukaa ndani ya weldi maisha yake yote bila kudhuru mtu.

Basi kwa nini tusitumie ultrasoniki kila mahali? Unene ndio sababu ya kwanza. Taratibu za kawaida za weldi zinaanzia milimita 8. Chini ya hapo mwangwi wa mzizi, wa juu ya weldi na wa kasoro vinakutana na kuchanganyikana. Bomba la inchi mbili lenye ukuta wa milimita 4 mpe mtu wa eksirei. Pili, weldi za stenlesi zina chembe kubwa zinazotawanya sauti. Inawezekana kuzipima, lakini kwa probu maalumu na mtu aliyezizoea. Tatu ni ile niliyoanza nayo: ultrasoniki ya kawaida haiachi picha. Mashine za probu za safu nyingi na zile za TOFD, zinazopima muda wa mwangwi kutoka kwenye ncha za ufa, zinahifadhi rekodi ya weldi nzima, ila bei yake na idadi ya watu wanaoziweza bado si ya kila mradi.

Kwenye bamba nene mambo yanageuka. Iridiamu inafaa chuma cha takriban milimita 20 hadi 100, na kadiri unavyopanda ndivyo muda wa kupiga unavyorefuka na ufa mwembamba unavyopotea. Ultrasoniki haijali, inapenda unene. Tena inahitaji upande mmoja tu. Nozeli ya boila, kiungo cha umbo la T, mhimili uliozibwa nyuma: huko filamu huna pa kuiweka, probu ina pa kukaa.

Umri wa chanzo ni jambo la kuuliza kabla ya kusaini. Nguvu ya iridiamu 192 inapungua nusu kila baada ya siku 74 hivi. Mkandarasi mwenye chanzo kilichochoka atakaa muda mrefu zaidi kwa kila picha, na wewe ndiye unayelipa vibarua waliosimamishwa.

Maana kazi nyingine zote husimama. Chanzo cha kyuri 40 (kyuri ni kipimo cha nguvu ya chanzo) kikiwa nje ya kasha, mtu aliye umbali wa mita moja anapata kwa sekunde zipatazo 20 kile kipimo cha milisiveti 1 ambacho mwananchi hapaswi kukizidi kwa mwaka mzima. Ndiyo maana hupigwa usiku, kwa kamba, taa na walinzi. Mwaka 1984 nchini Moroko chanzo cha iridiamu kilianguka kutoka kwenye kifaa chake, mtu akakiokota na kwenda nacho nyumbani. Watu wanane walikufa. Februari 1999, kwenye mtambo wa umeme wa maji wa Yanango, Peru, mchomeleaji aliokota kipande kama hicho akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Alikatwa mguu. Tanzania leseni ya vyanzo hivi inatoka Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, na Kenya ni KNRA. Omba kuiona leseni yenyewe, pamoja na kipima mionzi kinachofanya kazi, kabla gari halijaingia getini. Ultrasoniki haina chochote cha aina hiyo; inapimwa mchana, watu wakiendelea na kazi zao.

Kupima unene tu

Kazi ya ultrasoniki inayoombwa sana kwetu ni kujua kutu imekula kiasi gani, na hiyo ni rahisi kuliko kutafuta nyufa. Sauti inasafiri ndani ya chuma kwa karibu mita 5,900 kwa sekunde, kifaa kinapima muda wa kwenda na kurudi na kukuandikia milimita. Mtego uko kwenye rangi. Ndani ya rangi sauti hutembea polepole zaidi, hivyo milimita moja ya rangi nene inasomeka kama chuma cha zaidi ya milimita mbili. Tangi lililooza, lililopakwa rangi mara nne, linatoka na afya njema. Ama kwangua rangi, ama dai kifaa kinachopima kati ya mwangwi na mwangwi, ambacho kinairuka rangi.

Na edi?

Mikondo ya edi, yaani umeme mdogo unaozungushwa ndani ya metali, inahitaji koili, umeme wa mzunguko wa juu na kitu kinachopitisha umeme. Inaona nyufa za juu kupitia rangi bila kuikwangua, ndiyo maana viwanja vya ndege vinaipenda. Baada ya paa la ndege ya Aloha Airlines kuruka angani Hawaii tarehe 28 Aprili 1988, kwa nyufa zilizoungana kwenye mistari ya ribiti, ukaguzi wa mistari hiyo kwa edi ukawa jambo la lazima. Kwenye viwanda vyetu mahali pake ni mirija ya vibadilisha joto, mamia kwa mamia, ambayo huwezi kuitoa mmoja mmoja. Kwa weldi ya kawaida ya karakana, siishauri.

Kuchagua kwa kazi

Tangi la dizeli la bamba la milimita 6: macho kwa kila weldi, kisha sakafu ipimwe kwa sanduku la vakyumu, linalofyonza hewa juu ya weldi, na maji ya sabuni. Mapovu hayana siasa. Weldi za wima za ukuta ndizo za kupiga eksirei, na kwa sampuli. Kuipiga weldi ya kona kati ya ukuta na sakafu ni kutupa filamu.

Boila ya kiwanda cha sukari au chai: unene wa mirija na ngoma kwa ultrasoniki, sumaku kwenye weldi za nozeli na za miguu, kila inapozimwa. Ndoano na mihimili ya kreni: sumaku, basi. Bomba la stenlesi la maziwa: macho na kamera ndogo ya ndani, rangi ya kupenya isiyo na klorini nyingi, kwa kuwa klorini huipasua stenlesi baadaye; eksirei kwa weldi chache ulizochagua wewe, si zile alizochagua mkandarasi.

Bomba refu la mafuta ni habari nyingine. Lile la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443. Ukichukua vipande vya mita 12 hadi 18, unapata maungio kati ya 80,000 na 120,000. Kwa idadi kama hiyo mtu na probu mkononi hatoshi. Unaangalia mashine za ultrasoniki zinazozunguka bomba zenyewe, au gari la eksirei linalotambaa ndani. Ukuta ukiwa mnene wa kutosha, ningeanza na ultrasoniki ya mashine, kwa sababu ya kule kutoshikana pembeni.

Ripoti na mtu aliyeiandika

Uliza cheti. Ngazi ya 2 ndiyo ya chini kwa mtu anayesaini matokeo. Cheti cha ISO 9712, kiwango cha kimataifa cha wakaguzi wa aina hii, kinatolewa na chombo huru. Kile cha SNT-TC-1A, mfumo wa Kimarekani, kinatolewa na mwajiri, kwa hiyo aliyehama kampuni anapaswa kuidhinishwa upya huko alikokwenda. Kwa ultrasoniki fanya zaidi: mpe kipande cha bamba chenye kasoro unazozijua, umwone anazipata au hazipati. Kwa eksirei, namba ya weldi iwe imepigwa ndani ya filamu kwa herufi za risasi, si kuandikwa kwa kalamu, pamoja na kipimaubora, yaani waya nyembamba zinazoonyesha ubora wa picha. Panga filamu kadhaa kwenye taa kwa pamoja. Mawimbi ya juu ya weldi mbili hayafanani kamwe, na ukiyaona yanafanana, kuna weldi moja iliyopigwa mara mbili na nyingine haikupigwa kabisa.

Mwisho tazama saa iliyoandikwa kwenye ripoti. Chuma kinene au chenye nguvu nyingi kinaweza kupasuka kwa haidrojeni saa nyingi baada ya weldi kupoa, na kipimo chochote kilichofanywa mchana uleule kitasema kweli kwamba ufa haupo. Kwa vyuma hivyo weka kwenye mkataba saa 48 kati ya weldi ya mwisho na ukaguzi, na weka kabla mkandarasi hajatoa bei, kwa sababu baada ya hapo ataziita ucheleweshaji na kukudai.